Maswali ya wasomaji: Nani anafungua bomba la maji tumboni?

Safari hii nimepokea maswali kadhaa yanayozunguka jambo moja, nikaona niyaweke pamoja. La kwanza nimelijibu kwa urefu manake ndo lenye mzizi, hayo mengine yatakuwa mepesi ukishalielewa hilo.

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili. Kila nikisoma kuhusu kuhara naambiwa vipokezi vya seli, zile protini zinazopokea ujumbe, vinachochea utoaji wa kloraidi, nakariri, najibu mtihani, maksi napata, ila ukweli sielewi. Kwanza, kwa nini utumbo umwage maji wakati kazi yake ni kufyonza? Pili, kipokezi kiko upande mmoja wa seli na mlango wa kloraidi uko upande mwingine kabisa, sasa vinaongeaje? Tatu, kama mtu anamwaga maji kiasi kile, kwa nini tunamnywesha mengine?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hayo maswali matatu ukiyashika vizuri hutakariri tena, kwa hiyo twende polepole.

Anza na hesabu. Kwa siku moja utumbo mdogo wa mtu mzima unapokea kama lita 8 mpaka 9 za majimaji, na katika hizo zilizopitia mdomoni kama kinywaji na chakula ni kama lita 2 tu. Zote zilizobaki mwili umezitoa wenyewe, kuna mate, kuna maji ya tumboni yenye asidi, kuna nyongo, kuna ya kongosho, na kuna yanayotolewa na ukuta wa utumbo wenyewe. Halafu angalia kinachotoka chooni kwa mtu mzima wa afya, maji mililita 100 mpaka 200 basi. Yaani karibu yote yanarudishwa ndani. Kwa hiyo usiuchukulie utumbo kama sponji tu, ni sehemu ambayo maji yanaingia na kutoka muda wote, na afya ni ile tofauti ndogo inayobaki katikati.

Na maji hayo hayamwagwi bure. Chakula kinatakiwa kiteleze, vimeng'enya vinafanya kazi kwenye majimaji, ute unaolinda ukuta unahitaji maji ili ukunjuke na usigande, na mara nyingine utumbo unataka kujiosha, kuna mdudu au sumu imeingia basi unaisukumia mbali kwa maji. Kuhara mwanzo wake ni ulinzi, shida inakuja pale ulinzi unapokosa breki. Ukiutazama ukuta wa utumbo mdogo kwa hadubini utaona vidole vidogo vidogo vimesimama, na katikati yake kuna vishimo. Kwa sehemu kubwa vidole ndo vinafyonza na vishimo ndo vinamwaga.

Sasa jambo ambalo ningependa ulibebe mpaka wodini: hakuna seli ya utumbo inayojua kusukuma maji. Haipo. Seli inasukuma chumvi, yaani ioni, zile chembe zenye chaji ya umeme kama sodiamu na kloraidi zinazounda chumvi ya mezani, na maji yanaifuata chumvi ilipokwenda. Ukitaka kujua maji yanaelekea wapi uliza kwanza sodiamu na kloraidi zimeelekea wapi.

Chukua seli moja ya kwenye kishimo. Ina mgongo unaotazama damu na uso unaotazama ndani ya utumbo. Mgongoni kuna pampu inayofanya kazi usiku na mchana, inatoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2, inakula nishati kwelikweli, na kwa sababu yake sodiamu ndani ya seli inabaki kidogo sana. Huo upungufu wa sodiamu ni kama mteremko, sodiamu ya nje inatamani kuingia. Pembeni ya pampu, hapohapo mgongoni, kuna mbebaji anaitwa NKCC1 ambaye anautumia huo mteremko, sodiamu 1 ikiingia inaingia na potasiamu 1 na kloraidi 2. Matokeo yake kloraidi inajazana ndani ya seli kuliko kawaida, inasubiri tu pa kutokea. Potasiamu nayo inatoka kurudi upande wa damu kupitia milango yake, na hilo usilidharau, manake potasiamu yenye chaji chanya ikitoka seli inabaki na chaji hasi ndani, na hiyo hasi ndo inayoisukuma kloraidi, ambayo nayo ni hasi, itafute mlango.

Mlango wenyewe uko usoni, jina lake CFTR. Ukifunguka kloraidi inamwagika ndani ya utumbo, sodiamu inaifuata kwa kupenya katikati ya seli na seli kwa kuvutwa na chaji, na sasa chumvi imejaa upande ule, maji yanakuja yenyewe. Ndo kumwaga maji kwenyewe huko.

Vipokezi vinaingia wapi? Hapo kwenye kuamua mlango ufunguke au usifunguke. Tuchukue neva zilizo ndani ya ukuta wa utumbo, utumbo una mtandao wake wa neva unaoweza kujiendesha bila kusubiri ubongo. Neva hizo zinatoa ujumbe mmoja wa kipeptaidi, yaani kama protini fupi, unaoitwa VIP. VIP inashika kipokezi chake mgongoni mwa seli, kipokezi kinajikunja kidogo, na kwa ndani kinagusa protini G, ambayo ni kama swichi ya seli. Protini G inawaka na kwenda kukiamsha kimeng'enya kinachotengeneza saikliki AMP. Hii saikliki AMP ni molekuli ndogo, inasambaa ndani ya seli mpaka upande wa pili, na huko inaamsha kimeng'enya kingine, kainesi A, ambacho kinaibandika fosfeti juu ya CFTR na mlango unafunguka. Hilo ndo jibu la swali lako la pili, kipokezi na mlango havigusani, vinatumiana mjumbe. Earl Sutherland alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1971 kwa kazi iliyomtambulisha mjumbe huyo, na mwaka 1994 Alfred Gilman na Martin Rodbell wakapata yao kwa protini G.

Halafu kuna mstari wa pili wa simu. Neva nyingine zinatoa asetilkolini, kipokezi chake kikishikwa kinapandisha kalsiamu ndani ya seli, na kalsiamu inafungua zaidi ile milango ya potasiamu ya mgongoni. Unakumbuka nilivyosema potasiamu ikitoka kloraidi inasukumwa? Ndo hivyo, inaongeza msukumo kwa nyuma. Mstari wa kalsiamu una kasi lakini unapita haraka, wa saikliki AMP unadumu, na vyote viwili vikija pamoja maji yanayotoka ni mengi kuliko ukijumlisha kimoja kimoja. Prostaglandini, serotonini na histamini nazo zina vipokezi vyao na zinaingia kwenye mistari hiihii, ndo maana magonjwa mengi tofauti ya utumbo kuvimba na kuumia yanaishia kwenye kuhara kulekule.

Na breki zipo, naomba usizisahau kama vitabu vingi vinavyozipitia juujuu. Homoni ya somatostatini ina kipokezi chake, noradrenalini inacho, na enkefalini, zile afyuni ambazo mwili unajitengenezea, zinacho pia. Hivi vyote vinawasha protini G ya aina nyingine, inayokizuia kimeng'enya cha saikliki AMP badala ya kukiamsha. Kwa hiyo kwenye seli moja kila dakika kuna wanaosema fungua na wanaosema funga, na seli inajumlisha.

Sasa njoo kwenye kipindupindu uone uovu wake ulipo. Bakteria hawa hawaitoboi ngozi ya utumbo wala hawaui seli, ukuta unabaki mzima kabisa, na hilo ndo lililowashangaza watu kwa muda mrefu. Robert Koch miaka ya 1880 alishahisi kuna sumu, ila aliyeionyesha waziwazi ni S. N. De kule Calcutta, India, mwaka 1959, alichukua majimaji walimokuzwa bakteria akayachuja bakteria wote wakatoka, akayaweka kwenye utumbo wa sungura uliofungwa pande mbili, na utumbo ukajaa maji. Sumu peke yake ilitosha. Leo tunajua ina vipande 5 vya kushikia, vinavyoshika mafuta fulani ya kwenye uso wa seli yanayoitwa GM1, na kipande kimoja cha kufanya kazi ambacho kinaingizwa ndani. Huko ndani kinaenda moja kwa moja kwa protini G na kuiharibia uwezo wa kujizima. Protini G ya kawaida inawaka, inahesabu muda mfupi, inajizima yenyewe. Hii iliyoguswa na sumu inabaki imewaka. Hakuna VIP, hakuna neva iliyoita, kipokezi hakijashikwa na yeyote, na bado saikliki AMP inatengenezwa na CFTR imeachwa wazi, mgonjwa anatoa majimaji kama maji ya mchele na kwenye hali mbaya kabisa mtu mzima anaweza kupoteza mpaka lita 1 kwa saa. Breki nazo hazisaidii kitu hapo. Kipokezi cha somatostatini kinaweza kupiga kelele kinavyotaka, protini iliyokwama haisikii.

Na tena saikliki AMP hiyohiyo inazima ufyonzaji wa kawaida wa chumvi kwenye vidole. Yaani bomba limefunguliwa na shimo la kutolea maji limezibwa kwa pamoja.

Ila kuna mlango mmoja ambao sumu haiugusi, na hapa ndo napenda sana kufundisha. Kwenye vidole kuna mbebaji anaitwa SGLT1, yeye anabeba sodiamu 2 pamoja na glukosi 1, na hapokei amri ya kufunga kutoka kwa saikliki AMP. Mpe sodiamu peke yake hasogei, mpe glukosi peke yake hasogei, mpe vyote viwili anabeba kwa bidii hata katikati ya kipindupindu. Robert Crane aliitoa hoja hii ya sodiamu na glukosi kusafiri pamoja mwaka 1960 kwenye mkutano Prague, na miaka michache baadaye, 1968, David Nalin na Richard Cash wakaionyesha kwa wagonjwa wa kipindupindu Dhaka, Bangladesh ya leo, kwa maji ya kunywa. Mwaka 1971 wakati wa vita ya Bangladesh, Dilip Mahalanabis akiwa kambi ya wakimbizi Bangaon, India, aliishiwa dripu, akaamua kuwanywesha watu maji ya chumvi na glukosi kwa wingi, na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 mpaka chini ya asilimia 4.

Kwa hiyo swali lako la tatu limejijibu. ORS, yaani hayo maji ya kunywa yenye chumvi na glukosi, haizibi bomba. Mgonjwa anaweza kuendelea kuhara vilevile kwa saa kadhaa na ndugu zake wakadhani haifanyi kazi, wakamnyima, na nimewahi kumshuhudia mama amemfungia mwanae maji siku nzima kwa kuamini akinywa ndo atahara zaidi, mtoto aliletwa macho yamezama. Tulimwahi, alipona, lakini sijaisahau ile siku na ndo maana nasisitiza. Mafanikio ya ORS ni mgonjwa kubaki na maji mwilini mpaka sumu iishe nguvu na seli zilizoathirika zibadilishwe, na seli za utumbo zinabadilishwa haraka, siku 3 mpaka 5 hivi. Ndo maana kipimo cha kuchanganya ni muhimu, mchanganyiko wa Shirika la Afya Duniani tangu 2002 una sodiamu milimoli 75 na glukosi milimoli 75 kwa lita, hizo namba zimepangwa ili yule mbebaji apate vyote viwili. Ukizidisha sukari kwa kudhani inaongeza nguvu unakuwa umemwaga kitu kingine cha kuvuta maji ndani ya utumbo, na kuhara kunaongezeka.

SWALI: Dokta habari ya kazi. Nina tatizo la choo kigumu miaka mingi na daktari wangu ameniandikia linaklotaidi. Nilipomuuliza inafanyaje kazi akaniambia inafanya kama sumu ya bakteria. Nimeogopa sijaanza kumeza. Ni kweli?

JIBU: Nzuri, pole kwa kusubiri. Amekwambia ukweli ila kakuachia katikati, na naelewa kwa nini umeogopa.

Kwenye uso wa seli za utumbo, upande wa chakula sasa na sio mgongoni kama kile cha VIP, kuna kipokezi kinaitwa guanilili saiklesi C. Hiki hakihitaji protini G, chenyewe ni kipokezi na kimeng'enya kwa pamoja, kikishikwa kwa nje mkia wake wa ndani unatengeneza saikliki GMP, ndugu wa yule mjumbe wa kwanza, na mwisho wa safari ni CFTR ileile kufunguka na ufyonzaji wa sodiamu kupungua. Watafiti walikijua kwanza kwa sababu ya bakteria, kuna aina za E. koli zinazosababisha kuhara kwa wasafiri na watoto, zina sumu ndogo isiyoharibika kwa joto inayokishika kipokezi hiki. Lakini jiulize, mwili ungeweka kipokezi kwa ajili ya kumfurahisha bakteria? Mwaka 1992 ndo ikapatikana homoni yetu wenyewe, guanilini, utumbo unaitoa na kuitumia kulainisha vitu vilivyomo ndani. Bakteria aliiga ufunguo wetu, akautengeneza mkali zaidi.

Linaklotaidi ni peptaidi fupi ya amino asidi 14 iliyotengenezwa kwa mfano wa funguo hizo. Hamna bakteria yeyote ndani yake, karibu yote inabaki utumboni bila kuingia kwenye damu, na kwa kuwa kipokezi chake kiko upande wa chakula haina haja ya kuingia kwenye damu. Marekani iliiruhusu mwaka 2012. Athari yake kubwa utaitabiri mwenyewe, kuhara, na ikitokea kali uache umpigie daktari wako. Watoto wadogo wasipewe, kwao inaweza kuleta upungufu mkubwa wa maji, kwa hiyo iweke mbali nao.

Na ukitaka kujua kipokezi hiki kina uzito gani kwa mtu, mwaka huohuo 2012 ilielezwa familia moja ya Norway, watu 32, wote wana mabadiliko kwenye jini la kipokezi hiki yanayokifanya kijibu kupita kiasi, na wote wanaishi na kuhara tangu utotoni. Herufi moja ya jini imebadilika na ukoo mzima unaliona hilo chooni kila siku.

Ongea na daktari wako kabla ya kuamua kutoitumia, mweleze hofu yako kama ulivyonieleza mimi.

SWALI: Mnasema kloraidi imetoka, sodiamu imeingia, nani ameziona? Isije ikawa ni michoro tu ya vitabuni.

JIBU: Swali zuri sana ndugu yangu. Zilipimwa kwa umeme. Ioni ni chaji, chaji ikitembea ni mkondo wa umeme. Mdenmark Hans Ussing alichukua ngozi ya chura akaitandaza katikati ya vyumba viwili vya maji ya chumvi yanayofanana pande zote, kisha akaweka waya za kuusawazisha umeme mpaka tofauti ya volti ikawa sifuri. Kama ngozi ingekuwa kizuizi tu, mkondo ungekwisha. Haukuisha, na mwaka 1951 alionyesha kuwa kiasi cha mkondo kinalingana na sodiamu inayosukumwa na seli, aliyokuwa akiifuatilia kwa sodiamu yenye mionzi. Mpaka leo maabara zinaweka kipande cha utumbo kwenye chumba cha Ussing, unadondosha VIP upande wa damu na mstari wa mkondo unapanda mbele ya macho yako, unadondosha dawa ya kuzuia NKCC1 unashuka. Nani ameziona? Mita imeziona, kila siku, kwa zaidi ya miaka 70.

Na kuna ushahidi wa watu wenyewe, wa kusikitisha. Wanaozaliwa na jini bovu la CFTR, lililotambuliwa mwaka 1989, wanaugua sistiki faibrosisi, ute wao ni mzito kwenye mapafu, na baadhi ya watoto wanazaliwa utumbo umeziba kwa kinyesi cha kwanza kilichokauka kama gundi. Mlango haufunguki, maji hayafuati. Upande wa pili kuna uvimbe adimu, mara nyingi wa kwenye kongosho, unaomwaga VIP bila kukoma, Verner na Morrison waliueleza mwaka 1958, mgonjwa anahara lita kadhaa kwa siku hata akifunga kula. Na hapa breki inafanya kazi, tofauti na kipindupindu, manake protini G yake ni nzima, anapewa dawa inayofanana na somatostatini, inayopunguza utoaji wa VIP kwenye uvimbe na pia kuituliza seli ya utumbo.

SWALI: Mwanangu wa miaka miwili akihara naweza kumpa kidonge cha kukata kuhara? Na ile zinki wanayotoa na ORS ni ya nini?

JIBU: Hapana mama, usimpe. Lopera­maidi ambayo mara nyingi ndo kidonge hicho, inashika vipokezi vya afyuni vya utumbo na kazi yake kubwa ni kuupunguza mwendo wa utumbo, unaweza kuona choo kimekata kumbe maji yamejikusanya ndani, na kwa watoto wadogo ina hatari zake. Kuna nyingine, rasekadotrili, ambayo inazuia zile enkefalini za mwili zisivunjwe ili breki ya kumwaga maji ikae muda mrefu zaidi bila kuusimamisha utumbo, hiyo ni ya kuandikiwa na daktari na bado haiondoi ORS.

Zinki mpe kama ulivyoelekezwa, kawaida miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 mpaka 14, chini ya miezi sita ni 10, na umalizie hata kuhara kukikata. Inasaidia seli kujijenga na kinga. Na maabara imeonyesha pia kwamba zinki inaziba ile milango ya potasiamu ya mgongoni mwa seli, na potasiamu isipotoka kloraidi inakosa msukumo wa kutokea. Ukiona mtoto macho yamezama, halii kwa machozi, hakojoi, amelegea au kila anachokunywa anatapika, usisubiri zinki wala ORS zifanye kazi nyumbani, mpeleke hospitali saa hiyohiyo huku ukiendelea kumnywesha kidogokidogo njiani.